Gitaa la pedali: La kale na la kisasa, lipi lina thamani?

WAPENZI wa muziki wa kantri, ambao si haba katika miji ya Afrika Mashariki, wanaijua sauti hii hata kama hawalijui jina la ala inayoitoa. Ni sauti nyororo inayoteleza kutoka noti moja hadi nyingine bila kukatika, ikilia nyuma ya mwimbaji kana kwamba inamjibu. Wapo wanaodhani ni fidla, na wapo wanaodhani ni kinanda. Kumbe ni gitaa, ingawa halifanani na magitaa waliyozoea kuyaona jukwaani.

Ala hiyo ni gitaa la chuma lenye pedali, au kwa kifupi gitaa la pedali. Halipakatwi wala halivaliwi begani. Limelazwa mfano wa meza nyembamba juu ya miguu minne, na mpigaji huketi nyuma yake. Mikono yake huwa juu ya nyuzi, nyayo zake juu ya pedali, na magoti yake katikati ya nyenzo zinazoning'inia chini ya gitaa hilo.

Kwa sababu ya ugumu wa kulitengeneza na kulipiga, gitaa hili halijawahi kuzalishwa kwa wingi kama magitaa ya kawaida. Mengi yametoka katika karakana ndogo za Marekani, na wengi wa mafundi wa mwanzo wamekwisha kufariki dunia. Hali hiyo imezua swali linalowagawa wamiliki: je, gitaa la kale lihifadhiwe kama lilivyotoka mikononi mwa fundi, au lirekebishwe ili liendelee kupigwa?

Swali hilo si dogo. Kwa ala ambayo idadi yake ni ndogo, uamuzi wa kila mmiliki unaweza kulifanya gitaa liendelee kusikika au ligeuke pambo la sebuleni.

Kutoka Hawaii hadi Nashville

Asili ya gitaa hili ni visiwa vya Hawaii. Gitaa la kawaida lilifika huko katika karne ya 19, likiletwa na wachunga ng'ombe kutoka Mexico. Anayetajwa zaidi kuwa mwanzilishi wa mtindo wa kulilaza gitaa mapajani na kutelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi ni Joseph Kekuku, aliyezaliwa mwaka 1874 katika kisiwa cha Oahu. Inaaminika kwamba alianza kuuendeleza mtindo huo akiwa bado mwanafunzi. Kekuku aliondoka Hawaii mwaka 1904 na kwenda kuueneza Marekani bara na Ulaya.

Maonyesho makubwa ya kimataifa yaliyofanyika San Francisco mwaka 1915 yaliufanya muziki wa Hawaii upendwe kote Marekani. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, kampuni iliyokuja kujulikana kwa jina la Rickenbacker ilitoa gitaa dogo la umeme la kulazwa mapajani, lililopewa jina la utani la kikaango kutokana na umbo lake. Hilo linahesabiwa kuwa gitaa la kwanza la umeme kuuzwa kibiashara kwa mafanikio. Kwa maneno mengine, gitaa la umeme lilianza kama gitaa la chuma.

Tatizo la magitaa hayo lilikuwa moja. Kipande cha chuma kimenyooka, hivyo mpigaji hawezi kuzibonyeza nyuzi mahali tofauti kwa vidole tofauti kama afanyavyo mpigaji wa gitaa la kawaida. Wapigaji walijaribu kulitatua kwa kutumia magitaa yenye shingo mbili, tatu au hata nne, kila shingo ikiwa imelinganishwa kwa namna yake. Ufumbuzi huo ulikuwa mzito kwa uzani na kwa gharama.

Ndipo mafundi walipofikiria pedali. Kampuni ya Gibson ilitoa gitaa lenye pedali lililoitwa Electraharp karibu na mwaka 1940. Mwaka 1948, Paul Bigsby, fundi wa California aliyekuwa na ujuzi wa pikipiki, alimtengenezea mpigaji Speedy West gitaa la shingo tatu lenye pedali nne. Bigsby alifanya kazi kwa mikono na kwa oda, hivyo magitaa yake yalikuwa machache, na leo ni miongoni mwa yanayotafutwa mno.

Mapinduzi yenyewe yalitokea miaka michache baadaye. Katika wimbo "Slowly" wa Webb Pierce uliovuma mwaka 1954, mpigaji Bud Isaacs alikanyaga pedali wakati nyuzi zikiwa bado zinalia. Wasikilizaji wakasikia noti moja ikipanda huku nyingine ikibaki palepale. Wimbo huo ulishika nafasi ya kwanza katika chati za kantri za Marekani kwa wiki 17. Baada ya hapo, wapigaji wengi walianza kuyafungia magitaa yao pedali ili wapate sauti ileile.

Jinsi linavyofanya kazi

Gitaa la pedali la kawaida lina nyuzi 10 kwa kila shingo. Lipo la shingo moja na lipo la shingo mbili, na lipo pia lenye shingo moja ya nyuzi 12. Katika gitaa la shingo mbili, shingo ya mbele kwa kawaida hulinganishwa kwa mpangilio uitwao E9, unaotumika zaidi katika muziki wa kantri. Shingo ya nyuma hulinganishwa kwa mpangilio wa C6, unaofaa zaidi kwa jazi na muziki wa dansi wa Texas.

Mkono wa kushoto hushika kipande cha chuma cha mviringo na kukitelezesha juu ya nyuzi bila kuzikandamiza hadi zikagusa ubao. Mkono wa kulia hudonoa nyuzi kwa kutumia pete maalumu zinazovaliwa vidoleni. Mguu wa kulia hudhibiti ukubwa wa sauti, na mguu wa kushoto hukanyaga pedali.

Kila pedali imeunganishwa kwa vyuma vyembamba na mtambo ulioko upande wa kulia wa gitaa, mahali nyuzi zinapoishia. Hapo kila uzi umefungwa kwenye kipande kidogo cha metali kiitwacho kidole. Pedali inapokanyagwa, kidole huzunguka kidogo na kuukaza uzi, na sauti hupanda. Nyenzo za magoti hufanya kazi kwa njia hiyohiyo, ila nyingine hulegeza uzi na kuishusha sauti.

Kwa mfano, katika mpangilio wa E9, pedali ya kwanza hupandisha uzi wa tano na wa kumi kwa toni moja nzima. Pedali ya pili hupandisha uzi wa tatu na wa sita kwa nusu toni. Pedali hizo mbili zikikanyagwa pamoja, mpigaji hutoka katika mwafaka wa E na kuingia katika mwafaka wa A bila kukisogeza chuma chake hata kidogo. Huo ndio mlio ambao masikio ya wengi yanautambua kuwa ni wa kantri.

Ni dhahiri basi kwamba gitaa la pedali ni ala ya muziki na pia ni mashine. Ubao wake unaweza kuwa mzuri wa kutazamwa, lakini endapo uzi uliopandishwa haurudi sawasawa mahali pake, gitaa hilo halifai kitu jukwaani.

Majina yanayotafutwa

Kati ya magitaa ya kale, majina mawili hutajwa zaidi ya mengine. La kwanza ni Sho-Bud, lililoundwa kutokana na majina ya waanzilishi wake wawili, Shot Jackson na Buddy Emmons, walioanzisha kazi hiyo mjini Nashville katikati ya miaka ya 1950. Magitaa ya Sho-Bud yanapendwa kwa uzuri wake. Mengi yalitengenezwa kwa mbao za mti wa mepo zenye vidoadoa mithili ya macho ya ndege, yakapakwa vanishi ya kung'aa, na ubao wa shingo ukapambwa kwa alama za karata: kopa, shupaza, uru na maua.

Duka la Sho-Bud lilikuwa katika mtaa wa Broadway mjini Nashville, na lilikuwa kituo cha wapigaji waliopita mjini humo. Uzalishaji wa awali ulikoma katika miaka ya 1980. Jengo hilo baadaye likawa ukumbi wa muziki ujulikanao kama Robert's Western World.

Jina la pili ni Emmons. Buddy Emmons, aliyezaliwa Indiana mwaka 1937, aliachana na Sho-Bud na mwaka 1963 akashirikiana na Ron Lashley kuanzisha kampuni yenye jina lake, iliyokuwa na karakana Burlington, North Carolina. Emmons hakuwa mfanyabiashara tu. Ndiye anayetajwa na wengi kuwa mpigaji mkubwa kuliko wote wa ala hiyo, na baadhi ya nyuzi na mgawanyo wa pedali unaotumika leo katika mpangilio wa E9 ni mchango wake. Alifariki dunia mwaka 2015.

Zipo pia ZB, iliyoanzishwa na Zane Beck, MSA ya Texas, pamoja na Fender, ambayo katika miaka ya 1950 ilitoa magitaa ya pedali yaliyotumia nyaya badala ya vyuma vigumu. Gitaa la ZB ndilo alilolipiga Jerry Garcia katika wimbo "Teach Your Children" wa mwaka 1970, ambao uliifikisha sauti ya pedali kwa vijana wa roki wasiokuwa na habari na kantri.

Kusukuma na kuvuta

Sifa kubwa ya magitaa ya kale ya Emmons ni mtambo wake unaosukuma na kuvuta. Katika mtambo huo, vyuma huvuta ili kupandisha sauti na kusukuma ili kuishusha, na vidole vinapotulia huegemea kwa nguvu kwenye umbo la gitaa. Wapenzi wake wanaamini kwamba mgusano huo wa karibu kati ya uzi na umbo ndio unaolipa gitaa mlio mnene na wenye uhai.

Hata hivyo, uzuri huo una gharama. Kuulinganisha mtambo huo kunahitaji subira na mkono wa mtu anayeujua, kwa kuwa marekebisho mengine hufanyika chini ya gitaa. Fundi asiyeufahamu anaweza kuuharibu mpangilio wote kwa kugusa skrubu moja.

Kwa sababu hiyo, watengenezaji wengi, wakiwemo Emmons wenyewe kupitia modeli yao ya LeGrande, waligeukia mtambo unaovuta tu. Katika mtambo huo, kila badiliko la sauti lina nati yake ndogo pembeni mwa gitaa. Mpigaji huizungusha kwa ufunguo mdogo na kumaliza kazi kwa muda mfupi, hata akiwa jukwaani. Huo ndio mtambo unaotawala katika magitaa ya kisasa.

Mtihani wa mwenye gitaa la kale

Katika soko la magitaa ya kawaida ya umeme, kanuni inafahamika. Gitaa la miaka ya 1950 ambalo halijabadilishwa hata skrubu moja lina bei kubwa kuliko lililorekebishwa. Gitaa la pedali halitii kanuni hiyo kwa urahisi.

Sababu ni kwamba ala yenyewe iliendelea kubadilika. Magitaa mengi ya mwanzoni mwa miaka ya 1960 yalikuwa na nyenzo za magoti chache au hayakuwa nazo kabisa, ilhali mpigaji wa leo huhitaji nne au tano kwa shingo ya E9. Mwenye gitaa la wakati huo ana njia mbili. Akiliacha lilivyo, anabaki na kumbukumbu safi, lakini nyimbo nyingi zilizorekodiwa baadaye hataweza kuzipiga. Akiliongezea nyenzo, analazimika kutoboa mbao na kufunga vyuma vipya, na matundu hayo hayazibiki tena.

Wapo wanaoona kwamba kutoboa gitaa la namna hiyo ni sawa na kubomoa nyumba ya mawe ya kale ili kujenga ghorofa. Wapo pia wanaokumbusha kwamba wapigaji wakubwa wenyewe hawakuyaonea haya magitaa yao. Lloyd Green, mmoja wa wapigaji waliorekodi sana mjini Nashville, aliondoa shingo ya nyuma ya gitaa lake na kuweka mto wa kuegemezea mkono mahali pake. Sho-Bud ilipoona hivyo, ilitengeneza modeli ya kuuzwa yenye umbo hilohilo. Kilichokuwa ukarabati wa mtu mmoja kikageuka kuwa mtindo unaotafutwa.

Historia hiyo inaonyesha kwamba magitaa haya yalizaliwa karakanani, na kubadilishwa ni sehemu ya maisha yake. Lakini si kila badiliko ni sawa na jingine. Kufunga mtambo mpya kwenye gitaa la kawaida la kujifunzia ni jambo moja, na kulitoboa moja ya magitaa machache ya Bigsby ni jambo jingine kabisa.

Si kila la kale ni dhahabu

Wahenga walisema ya kale ni dhahabu, ila mnunuzi wa gitaa la pedali anapaswa kulipima neno hilo. Baadhi ya magitaa ya Sho-Bud ya mwisho wa miaka ya 1970 yana sehemu za ndani zilizotengenezwa kwa metali dhaifu ambayo huvunjika. Modeli ya Maverick, iliyokusudiwa wanaoanza, ilikuwa na pedali tatu na wenzo mmoja tu wa goti, na mwanafunzi huishia kukwama mapema.

Kwa upande mwingine, magitaa ya kisasa yana faida zisizokanushika. Kampuni kama MSA, iliyorudi kazini mwanzoni mwa miaka ya 2000 baada ya kusimama kwa muda mrefu, na Mullen ya Colorado, hutengeneza vipuri kwa mashine zinazoongozwa na kompyuta. Pedali zake ni laini, sauti hairukiruki, na baadhi ya modeli ni nyepesi zaidi. Jambo hilo si dogo kwa mpigaji anayebeba kila wiki gitaa la shingo mbili ambalo, likiwa ndani ya sanduku lake, linaweza kuzidi kilo 25.

Tofauti nyingine ni ile ambayo sikio la kawaida haliisikii mara moja. Pedali inapokanyagwa, umbo la gitaa hupinda kiasi kidogo mno, na nyuzi ambazo hazikuguswa hushuka sauti kidogo. Magitaa yote yana kasoro hiyo, lakini watengenezaji wa sasa wameipunguza sana.

Anayekusudia kununua gitaa la kale anashauriwa kukagua mambo kadhaa kabla ya kutoa fedha. Kwanza, akanyage kila pedali mara nyingi na kuhakikisha kwamba kila uzi unarudi palepale. Pili, atazame vidole vya mtambo na mhimili wake kama vimelika. Tatu, ahakikishe kwamba miguu, vyuma vya pedali na sanduku la kubebea vipo, kwa maana kuvipata vinavyolingana ni kazi. Nne, apime kinasa sauti kama kinafanya kazi bila kukatika.

Baada ya kununua, matunzo ni ya lazima. Nyuzi hubadilishwa mara kwa mara, hasa uzi wa tatu, ambao ni mwembamba na hukazwa mno, hivyo ndio unaokatika kuliko mingine. Mtambo husafishwa vumbi na kutiwa mafuta mepesi kwa kiasi. Aidha, mwenye gitaa anapaswa kuandika mahali fulani mpangilio wote wa nyuzi, pedali na nyenzo, kwa kuwa magitaa mawili ya jina moja yanaweza kuwa na mipangilio tofauti. Mali bila daftari huisha bila habari.

Sauti iliyovuka mipaka

Thamani ya gitaa hili haikuishia Nashville. Pete Drake alilipiga katika albamu "All Things Must Pass" ya George Harrison wa Uingereza mwaka 1970. Katika makanisa ya House of God nchini Marekani, yenye waumini wengi Weusi, gitaa la chuma limeongoza ibada tangu miaka ya 1930, na kutoka humo alichipuka Robert Randolph, aliyepata umaarufu mwanzoni mwa miaka ya 2000.

Barani Afrika, Demola Adepoju wa Nigeria aliliingiza katika muziki wa juju akiwa na King Sunny Adé, na alisikika pia katika albamu "Graceland" ya Paul Simon mwaka 1986. Nchini Kenya, sahani za santuri za Mmarekani Jimmie Rodgers, ambazo baadhi zilikuwa na gitaa la chuma la Kihawaii, zilifika mapema kiasi kwamba mwaka 1950 mtafiti Hugh Tracey alirekodi nyimbo za Wakipsigis zilizomtaja kwa jina la Chemirocha.

Katika safari zote hizo, kilichovuka bahari ni mlio, na mlio huo hauwezi kuhifadhiwa kwa kufungiwa kabatini. Mtambo usiotumika hukauka mafuta, springi hushika kutu, na mtu wa mwisho anayejua namna ya kuulinganisha huondoka na ujuzi wake. Kwa wenye magitaa ya kale, usemi wa kwamba usiache mbachao kwa msala upitao una maana kamili, mradi mbacha huo uendelee kukaliwa. Na kwa anayeanza leo, gitaa la kisasa linaloshika sauti ni bora kuliko jina kubwa lisilolia sawasawa.